Windows ni rahisi kweli, au tumeizoea tu?

#1. mwalimu_lanet (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nina swali ambalo limenisumbua tangu Jumamosi, nami ninalileta kwenu kwa sababu najua wapo humu watu waliotumia mifumo zaidi ya mmoja kwa miaka mingi.

Ninaendesha darasa dogo la kompyuta kwa watu wazima hapa Lanet. Tuna mashine 6 za mitumba: 3 zina Windows 10, na 3 nilizitia Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, kwa sababu kumbukumbu zake ni gigabaiti 4 tu. Mama mmoja wa miaka 58, ambaye hakuwa amewahi kushika kipanya maishani mwake, aliketi kwenye mashine ya Mint kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Kufikia somo la tatu alikuwa ameandika barua ya mwaliko wa chama chao, akaihifadhi na kuichapisha, nami sikuugusa mkono wake hata mara moja. Siku hiyohiyo alikuja kunisaidia dada mmoja ambaye amekuwa karani wa ofisi kwa miaka 14. Aliketi kwenye mashine ya pili ya Mint, akaitafuta Word, akaikosa, akafungua LibreOffice Writer, programu ya kuandikia iliyomo humo, kwa shaka, akautafuta ule utepe wa vitufe aliouzoea juu ya ukurasa, akaukosa pia. Baada ya dakika 10 aliinuka akaniambia, "Mwalimu, hii yako ni ngumu."

Mgeni aliona rahisi, mzoefu akaona ngumu, na mfumo ni uleule. Kwa hiyo ninadai kwamba kile tunachokiita urahisi wa Windows ni mazoea matupu. Anayepinga na aseme.

#2. fundi_wa_kondele (Kisumu)

Salamu, mwalimu. Ninakubali nusu. Mimi hutengeneza kompyuta hapa Kondele, na kila siku ninaona kwamba mteja hatafuti mfumo mzuri, anatafuta mfumo ambao atapata mtu wa kumsaidia ukimshinda. Mwenye Windows printa yake ikigoma atamuuliza mpwa wake, atamuuliza mwenye saiba, atamuuliza kijana anayeuza vifuniko vya simu, na miongoni mwa hao watatu hakosi mmoja anayejua pa kubofya. Mwenye Mint atamuuliza nani? Wewe peke yako. Ukienda Busia kwa mazishi ya siku 4, huyo mama atakaa na barua yake ndani ya mashine hadi urudi. Urahisi ni wingi wa watu wanaojua, wala hauko katika vitufe.

#3. mchoraji_milimani (Nakuru)

Mimi ninawapinga nyote wawili, kwa kuwa mnazungumza kana kwamba mifumo yote imebuniwa kwa ubora uleule na tofauti iko kwa watu tu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kukifikia kitu hutegemea umbali wa kitu hicho na ukubwa wake. Sasa itazameni Mac, kompyuta ya Apple. Menyu yake iko kwenye ukingo wa juu kabisa wa skrini, na ukingo hauvukiki: ukikisukuma kipanya juu kwa nguvu zako zote, mshale hugota pale na kutulia juu ya menyu. Katika Windows menyu iko ndani ya dirisha la programu, kwa hiyo ni lazima mkono upunguze mwendo, ulenge, ndipo ubofye. Mimi hubuni kadi za harusi na mabango, nami hufanya mwendo huo mara mamia kwa siku. Hilo si suala la mazoea. Ni mfupa na msuli.

#4. karani_mstaafu (Kakamega)

Hoja ya ukingo imenifunza jambo, mchoraji, asante. Hata hivyo ninasimama na mwalimu, nami nina ushahidi.

Binti yangu aliniachia Mac yake alipohamia ng'ambo. Siku ya kwanza nilichagua faili nikabonyeza Enter ili ifunguke, kama nilivyofanya tangu siku za Windows 95, na badala ya kufunguka jina lake likapakwa rangi likisubiri niliandike upya. Nikadhani nimeharibu kitu. Kisha nikabofya lile duara jekundu ili niifunge programu: dirisha likatoweka, lakini nukta ndogo ikabaki chini ya aikoni kuonyesha kwamba programu bado inaendelea. Sisemi kwamba hayo ni makosa ya mfumo, kwa maana ndivyo ulivyopangwa na wenye kuuzoea hawaoni tatizo lolote. Nasema vidole vyangu vilikuwa vimesomea shule nyingine.

Tena kumbukeni yaliyompata Microsoft mwenyewe. Kitufe cha Start kilikuja na Windows 95 mwezi wa Agosti 1995. Mnamo Oktoba 2012 Windows 8 ikakiondoa, na kelele za watumiaji zikawa kubwa hata kikarudishwa katika Windows 8.1 mwaka uliofuata. Watu walikuwa wamekizoea kwa miaka 17, na hayo ndiyo mazoea anayoyasema mwalimu. Kuhusu Apple, nadhani kwa kuwa wao ndio waliobuni kipanya na madirisha, wana haki ya kuyapanga wapendavyo.

#5. nyota_ya_njoro (Njoro)

Heshima zako, mzee. Naomba kusahihisha hilo la mwisho. Kipanya kilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart mnamo Desemba 1968, kabla Apple haijakuwepo. Kompyuta yenye madirisha na kipanya, Xerox Alto, ilitengenezwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California. Apple walifuata na Lisa mwaka 1983, halafu Macintosh mnamo Januari 1984.

Ninalitaja hilo kwa sababu linagusa swali la mwalimu. Kukata, kunakili na kubandika kulibuniwa palepale Xerox na Larry Tesler pamoja na Tim Mott. Tesler akahamia Apple, na herufi X, C na V zikafungwa kwa kitufe cha amri ambacho kwenye Mac kiko chini ya kidole gumba. Windows ikachukua herufi zizo hizo lakini ikazifunga kwa Ctrl, ambacho hubonyezwa kwa kidole cha mwisho. Mimi hutumia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, chuoni na Mac nyumbani, na kosa langu la kila jioni ni hilo hilo: kidole cha mwisho kinakwenda Ctrl, hakuna kinachonakiliwa, nami ninabandika maneno ya jana. Mifumo hii ni ya ukoo mmoja, na nadhani ugumu tunaousikia unatokana na kufanana kwake. Mtu asiyejua chochote, kama yule mama, hana cha kuchanganya.

#6. mwana_webuye (Webuye)

Hiyo Ubuntu ninaikumbuka kwa mapenzi. Wamarekani walikuwa wakitutumia diski bila malipo kwa posta, nadhani hadi mwaka 2015. Zilikuja katika bahasha nzuri sana.

#7. nyota_ya_njoro (Njoro)

Diski zilikuwepo kweli, ndugu, lakini mpango huo ulifungwa mwaka 2011. Na mwanzilishi wake si Mmarekani. Ni Mark Shuttleworth, aliyezaliwa Afrika Kusini, na jina la mfumo ni neno la huko ambalo kwetu ni utu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004.

Ubuntu pia inamuunga mkono mchoraji na kumpinga kwa wakati mmoja. Mwaka 2010 walivihamisha vitufe vya kufunga dirisha kutoka kulia kwenda kushoto, na mwaka 2017 wakavirudisha kulia. Kama kungekuwa na upande ulio bora kwa mfupa na msuli, nadhani wangekwisha kuupata.

#8. mchoraji_milimani (Nakuru)

Nilisema ukingo, dada, sikusema kulia wala kushoto.

#9. binti_mumias (Mumias)

Ninaendesha saiba, na kwa wateja wangu swali la urahisi huanza kwenye flashi. Mwezi uliopita alikuja kijana mwenye Mac akiwa na flashi aliyoazimwa. Alikuwa ameziona faili zote zilizokuwamo, amezifungua na kuzisoma, lakini kila alipotaka kuweka tasnifu yake ndani alikataliwa. Alidhani flashi imekufa. Haikuwa imekufa: ilikuwa imeumbizwa kwa NTFS (mpangilio wa faili wa Windows), ambayo Mac huisoma bila kuiandikia mpaka uongeze programu nyingine. Nilimhamishia faili zake kando, nikaiumbiza upya kwa exFAT, ambayo Windows na Mac huiandikia bila tatizo, akaondoka ameridhika. Mint ingeiandikia hiyo NTFS bila swali. Sasa niambieni, mfumo upi ni rahisi hapo? Mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani hatakutana na jambo hilo mwaka mzima, na anayepeleka kazi kwa watu atakutana nalo wiki ya kwanza.

Jambo la pili ni umri wa mashine. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, hali laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa huku kwetu ni za kizazi cha 4 hadi cha 6. Zile laptopu za EliteBook zote haziwezi. Kwa hiyo mwalimu, hata kama Windows ingekuwa rahisi kuliko zote, mashine zako 3 zilizosalia zimebaki nyuma.

#10. fundi_wa_kondele (Kisumu)

Dada wa Mumias, "zote" ni neno kubwa. EliteBook zenye kizazi cha 8 zipo, nami nimewauzia watu kadhaa, na zinaiendesha Windows 11 bila shida. Vilevile kuna mpango wa masasisho ya usalama wa Windows 10 unaoendelea hadi Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Mengine uliyosema ni kweli tupu.

#11. sauti_ya_skrini (Kisumu)

Nimesoma machapisho yote kumi, au niseme nimeyasikiliza, kwa sababu mimi sioni. Ninafundisha historia katika shule ya upili, na kompyuta yangu hunisomea kila kilichoandikwa.

Rangi, vitufe, ukingo wa skrini, upande wa kulia na wa kushoto, vyote hivyo kwangu havipo. Kwangu skrini ni mstari mmoja wa sauti unaopita sikioni, na urahisi ni idadi ya vitu ninavyolazimika kuvisikiliza kabla ya kukifikia ninachokitaka. Ninapobonyeza kitufe cha Windows na kuanza kuandika jina la programu, hutajwa kwangu moja kwa moja, nami ninabonyeza Enter. Hiyo ni sekunde 2. Ninapofungua tovuti ambayo vitufe vyake havikupewa majina, ninasikia "kitufe, kitufe, kitufe" mara kumi na mbili, na hapo hata mashine ya bei ghali kiasi gani hainifai kitu.

Ninatumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. Kabla yake, programu za namna hiyo kwenye Windows zilikuwa na bei ambayo mwalimu wa Kenya hakuiweza. Mac ina VoiceOver ndani yake tangu mwaka 2005, na jambo hilo ninaliheshimu sana, kwa sababu mtu asiyeona anaweza kuitoa mashine kwenye sanduku na kuiandaa mwenyewe bila kumwomba jirani macho. Linux ina Orca. Nimeijaribu, na kazi nyingi nilizifanya, lakini kila mara nilihisi kwamba niko peke yangu njiani. Kwa NVDA nina wenzangu Kisumu, Kakamega na Nairobi ambao tunaelezana njia za mkato kwa simu. Kwa hiyo fundi wa namba 2 amegusa jambo la kweli, ingawa sidhani alikuwa akinifikiria mimi.

#12. fundi_wa_kondele (Kisumu)

Sikukufikiria, mwalimu, na ninakiri hivyo. Asante kwa kunifungua.

#13. mwalimu_lanet (Nakuru)

Nami ninashukuru. Chapisho la 11 limenifanya nione kwamba niliuliza "rahisi" bila kusema rahisi kwa nani na kwa kazi gani.

Fundi, hata hivyo, sijakuachilia. Unasema Mint haina watu. Printa yetu ya HP niliiunganisha na Mint kwa waya, ikatambuliwa bila diski wala kupakua kitu, na mpango unaosimamia uchapishaji humo, CUPS, ndio huohuo ulio ndani ya Mac. Pasipotokea tatizo, msaidizi hahitajiki, na ukijihesabia wateja wanaokuja kwako kila siku, huenda hoja yako inashuhudia kinyume chako.

#14. karani_mstaafu (Kakamega)

Bado hatujaitaja lugha. Yule mama wa chama alikuwa akisoma menyu za Kiingereza au za Kiswahili?

#15. mwalimu_lanet (Nakuru)

Za Kiingereza, mzee. Nilimpa Kiswahili katika somo la kwanza, naye akaniomba nimrudishie Kiingereza. Alisema kwamba "Save" na "Print" anayajua kutoka kwenye simu yake, lakini neno "mapendeleo" hakujua linampeleka wapi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na jibu hilo liliniuma.

#16. nyota_ya_njoro (Njoro)

Lisikuume. Kazi ilikwisha kuanzwa: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zikiwa na menyu za Kiswahili, na Microsoft nao wametoa sura ya Kiswahili kwa Windows. Tatizo ni kwamba mtoto wetu hufundishwa "tarakilishi" na "kipakatalishi" darasani, anatoka nje anasikia "kompyuta" na "laptopu", halafu anafungua mashine na kukuta neno la tatu. Lugha ingekuwa njia ya urahisi kama maneno hayo yangekutana.

#17. binti_mumias (Mumias)

Mwalimu, nina pendekezo. Wabadilishe viti. Mama aketi kwenye Windows, karani aketi kwenye Mint kwa somo zima, kisha utuambie ulichokiona. Tumetoa maelezo sita na hakuna aliyeyapima.

#18. mwalimu_lanet (Nakuru)

Nimefanya hivyo Jumamosi hii. Nitasimulia kama nilivyoona.

Mama aliifungua Word bila msaada, akaandika nusu ukurasa, akabofya Save. Mashine ikampendekezea kuihifadhi barua kwenye wingu, yaani mtandaoni, naye akakubali kwa kuwa ndilo jibu lililokuwa limewekwa mbele. Alipoitafuta barua katika folda aliyoizoea hakuiona, na uso wake ulibadilika. Tuliipata, lakini alitaka kujua hilo wingu liko wapi na nani mwingine analiona, na maswali hayo yalitula robo saa.

Karani naye nilimwonyesha jambo moja tu: katika LibreOffice, chini ya View, kuna mahali pa kuchagua sura ya vitufe, na ukichagua ile ya vichupo unapata utepe unaofanana na ule wa Word. Baada ya hapo aliandika barua tatu bila kuniita. Neno "ngumu" sikulisikia tena.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni mkono wa mama. Kila anapotaka kufungua folda kwa kubofya mara mbili, kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili kipanya husogea kiasi cha upana wa punje ya mchele, na aikoni huburutwa kando badala ya kufunguka. Anajaribu tena, anabana midomo, anashika kipanya kwa mikono miwili. Hilo lilimpata kwenye Windows, nami nikakumbuka kwamba hata kwenye Mint lilikuwa likimpata, ila nilikuwa sijalitazama kwa makini.

#19. karani_mstaafu (Kakamega)

Basi mazoea yameshinda. Karani alipopewa sura aliyoizoea, kazi ikaenda.

#20. mchoraji_milimani (Nakuru)

Kwangu ubunifu ndio ulioshinda, mzee. Sura ile ilibuniwa vizuri ndiyo maana ikafaa, na kubofya mara mbili kulibuniwa vibaya katika mifumo yote, Mac ikiwemo.

#21. fundi_wa_kondele (Kisumu)

Na ni nani aliyemwonyesha karani mahali pa kubadilisha sura hiyo? Mtu aliyekuwa karibu.

#22. nyota_ya_njoro (Njoro)

Kuhusu mkono wa mama, kuna dawa. KDE, ambayo ni sura nyingine ya Linux, kwa miaka mingi ilifungua faili kwa kubofya mara moja tu, hadi toleo la Plasma 6 la Februari 2024 lilipobadili na kuwafuata wengine. Kwenye Mint fungua dirisha la faili, nenda Edit, kisha Preferences, kisha Behavior, uchague kufungua kwa kubofya mara moja. Windows nayo ina chaguo hilo ndani ya File Explorer Options.

#23. sauti_ya_skrini (Kisumu)

Mfundishe pia kuchagua kwa vitufe vya mishale na kufungua kwa Enter. Mkono unaotetemeka hautetemeki kwenye kibodi.

#24. mwalimu_lanet (Nakuru)

Asanteni. Nimeweka kubofya mara moja kwenye mashine zote 6, na vitufe vya mishale nimemwonyesha. Leo mama amefungua folda yake kwa mara ya kwanza bila kubana midomo. Karani amefungua faili 4 ambazo hakukusudia kuzifungua, na ameniomba nimrudishie ilivyokuwa.